Kumsemea Asiyeacha Neno

Liko swali moja la maadili ambalo halizungumzwi sana, pengine kwa sababu wanaohusika nalo hawawezi kulalamika. Swali lenyewe ni hili: mtu akifa bila kuacha neno lake mwenyewe, wala ndugu wa kumkumbuka, sisi tuliobaki tunayo ruhusa kiasi gani ya kumsemea? Je, ni halali kumpa mawazo ambayo huenda hakuwa nayo, kabila ambalo huenda si lake, na kifo ambacho huenda hakufa? Au adabu inatutaka tunyamaze pale kumbukumbu zilipokoma?

Ningetarajia swali kama hili liletwe na mwanahistoria, au na hakimu anayeamua mirathi. Mimi nimeletewa na vijana wanaocheza gemu.

Msomaji wa rika langu, aliyekulia kwenye bao na karata, huenda akafikiri kuwa michezo hii ya kompyuta ni kazi ya vidole tu. Sivyo. Mingi kati yake ina hadithi ndefu kama riwaya, na mchezaji hutembea ndani ya hadithi hiyo kana kwamba yeye ndiye mhusika mkuu. Tena watungaji wake huacha mapengo kwa makusudi. Shujaa ana kovu usoni, lakini hatuambiwi alilipata wapi. Mfalme ameuawa, lakini muuaji hatajwi. Basi mchezo ukiisha ndipo mazungumzo yanapoanza. Mmoja ataleta hoja ya nembo aliyoiona kwenye upanga, mwingine atakumbuka neno lililosemwa na mhunzi mwanzoni kabisa, wa tatu atawapinga wote wawili, na ubishi utaendelea hadi usiku. Nimewahi kukaa nikawasikiliza. Walikuwa wakifanya kazi ileile ambayo katika chuo cha ualimu tuliwasihi wanachuo wetu waifanye kwa vitabu vya fasihi, yaani kusoma kwa makini, kukusanya ushahidi na kujenga hoja. Na hao hawakusihiwa na mtu.

Madhali hadithi ni ya kubuni, sioni kosa lolote katika kukisia huko. Shujaa wa kubuni hana mama. Ukimzulia baba asiye wake, hakuna kaburi litakalofedheheka. Isitoshe, mtungaji wake yupo, na akitaka atatoa sehemu ya pili ya mchezo awakanushe wote. Shida inaanza pale shujaa wa gemu anapokuwa ni mtu aliyezaliwa kweli, akala, akaugua, akaogopa, na akafa.

Mtu wa namna hiyo yupo, na alitoka upande wetu wa dunia. Wajapani walimwita Yasuke.

Mwaka 1579 padri Mwitalia wa shirika la Wajesuiti, Alessandro Valignano, aliwasili Japani kukagua kazi ya wamisionari, na katika msafara wake alikuwamo mtumishi mmoja mweusi. Machi 1581 msafara huo ulifika Kyoto. Wakazi wa mji, ambao wengi wao hawakuwahi kumwona mtu mweusi, walisongamana kwenye nyumba ya mapadri hata wakavunja milango ili wamtazame. Habari zikamfikia Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa ameishika sehemu kubwa ya nchi ile. Nobunaga aliagiza aletwe, akamtaka avue nguo hadi kiunoni, kwa kuwa hakuamini kwamba rangi ile ni ya kuzaliwa nayo. Aliporidhika, alimpenda. Hatimaye Valignano alishika njia yake, na mtu yule akabaki kwa Nobunaga.

Yaliyoandikwa juu yake na watu wa wakati wake ni machache kiasi cha kuenea katika kurasa mbili za daftari. Ota Gyuichi, aliyemtumikia Nobunaga na kuandika tarehe ya maisha yake, anasema mtu huyo alionekana kuwa na umri wa miaka 26 au 27, mweusi kama ng'ombe mweusi, mwenye nguvu za kuwashinda wanaume 10. Nakala mojawapo ya kitabu hicho inaongeza kwamba alipewa posho, nyumba na upanga mfupi, na kwamba mara nyingine alibeba silaha za bwana wake. Mpiganaji mwingine wa zama hizo, Matsudaira Ietada, alimwona mwaka 1582 katika msafara wa Nobunaga, akaandika katika shajara yake kwamba jina lake ni Yasuke, na akataja kimo chake, ambacho kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 188. Barua za mapadri zinasema kwamba alijua Kijapani kiasi, na kwamba Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye.

Tarehe 21 Juni 1582 Akechi Mitsuhide, jemadari wa Nobunaga, alimwasi bwana wake na kumzingira katika hekalu la Honnoji, mjini Kyoto. Nobunaga akafa pale. Yasuke alikwenda mahali alipokuwa mtoto wa Nobunaga, akapigana kwa muda mrefu, mpaka mtu mmoja wa Akechi alipomkaribia na kumwambia asiogope, autoe upanga wake. Akautoa. Akechi alipoulizwa mtu huyu afanywe nini, alijibu kwamba ni mnyama asiyejua kitu, wala si Mjapani. Basi asiuawe, apelekwe kanisani kwa mapadri. Hapo ndipo habari za kuaminika zinapokoma. Tangu siku aliyopelekwa mbele ya Nobunaga hadi siku ile ilikuwa kama miezi 15.

Katika ukimya uliofuata ndimo walimoingia watungaji. Mwaka 1968 mwandishi Kurusu Yoshio aliwatungia watoto wa Japani kitabu juu yake. Mwaka 2017 alitokea katika gemu liitwalo Nioh, na mwaka 2021 katika Samurai Warriors 5, na mwaka huohuo katika filamu ya katuni ya mfululizo iliyobeba jina lake. Kisha tarehe 20 Machi 2025 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa Assassin's Creed Shadows, ambamo Yasuke ni mmoja wa wahusika wakuu wawili, pamoja na msichana wa kubuni aitwaye Naoe. Tangu mchezo huo ulipotangazwa Mei 2024, watu walianza kubishana juu ya marehemu huyu kwa ukali wa ajabu. Upande mmoja ulisema alikuwa samurai mkubwa, jemadari wa majeshi, pengine hata mwana wa mfalme huko kwao. Upande wa pili ulisema alikuwa mpagazi tu na kitu cha kuchekesha wageni, na kwamba kumwita shujaa ni kuwadanganya watu.

Ukiwasikiliza kwa utulivu utaona kwamba pande zote mbili zimetwaa mstari mmoja na kuufanya kitabu. Hakuna andiko la wakati ule lililotufikia linalomtaja waziwazi kwa neno samurai. Huo ni ukweli. Lakini posho, nyumba na upanga navyo si tunu ambazo mtawala humtupia mpagazi; huo nao ni ukweli. Zaidi ya hapo ni kukisia. Barua moja inayohusu vita vya mwaka 1584 kusini mwa Japani inamtaja mtu mweusi aliyehudumia mzinga, na wako wanaoapa kwamba ndiye Yasuke, ingawa merikebu za Wareno zilikuwa zikiwafikisha Waafrika wengine Japani katika miaka ileile. Wako wanaosema kuwa Yasuke ni Issufo, yaani Yusufu kwa matamshi ya kaskazini mwa Msumbiji, na wengine wanasema ni Isaka. Hao husahau kwamba majina ya kiume yanayoishia na "suke" yamejaa Japani tangu kale.

Ugomvi huu wa mbali ulifika mtaani kwetu Masasi kwa njia ya ukuta.

Karibu na soko wapo vijana wanne wanaoendesha kibanda cha gemu. Mashine yao ni ya zamani, na muda mwingi wateja wao hucheza mpira. Mchezo wa Yasuke hawakuwa nao. Waliuona vipande vipande kwenye simu zao. Lakini walivutiwa sana, wakaamua kumchora mtu huyo kwenye ukuta wa nje wa kibanda, akiwa na mavazi ya vita, na chini yake waandike kwamba ni shujaa wa Kimakua. Wao ni Wamakua, nami ni Mmakua. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mwandishi Mfaransa aliyeitwa François Solier, katika kitabu chake cha mwaka 1627, alisema mtumishi wa Valignano alikuwa mzaliwa wa Msumbiji. Kisiwa cha Msumbiji, ambacho Wareno walikifanya kituo chao kikuu, kinatazamana na nchi ya Wamakua. Na Wamakua ndio sisi, maana wazee wetu walivuka Ruvuma kutoka huko. Basi wakanijia na maombi mawili. La kwanza, niwathibitishie, mimi mzee tena mwalimu, kwamba Yasuke alikuwa wetu. La pili, kwa kuwa Yasuke ni jina la ugenini, nimchagulie jina zuri la Kimakua la kuzaliwa nalo, liandikwe kwa herufi kubwa.

Sitaficha kwamba nilitamani jambo hilo liwe kweli. Kwa zaidi ya miaka 30 nilifundisha kwa vitabu ambamo Mmakua, akitajwa, alitajwa kama shehena ndani ya jahazi. Kumpata mmoja aliyesimama mbele ya mtawala mkubwa, akapewa upanga, na akautumia siku ambayo wengine walikimbia, hilo si jambo dogo kwa mtu wa umri wangu. Lakini nilikataa maombi yote mawili. Niliwaeleza kwamba Solier aliandika zaidi ya miaka 40 baada ya tukio. Kwamba Wareno walipotaja Msumbiji hawakuwa na maana ya kabila. Na kwamba bandari ile ilipokea watu kutoka Sofala, kutoka bonde la Zambezi, na kutoka bara. Inawezekana alikuwa Mmakua. Kuwezekana ni kuwezekana, basi.

Mdogo wao, kijana wa kama miaka 17, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, samahani. Wajapani walimpa jina bila kumwuliza. Na Wareno kabla yao lazima walimpa la kwao. Sasa sisi tukimpa moja zuri, tunamwibia nini?"

Ndugu msomaji, nimefundisha watu wengi, na maswali mazuri kama hilo niliyoulizwa yanahesabika. Sikulijibu papo hapo. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa haraka ya kutaka kushinda. Nimelitafakari kwa miezi kadhaa, na haya ndiyo niliyoyafikia.

Kwanza yafaa tuwatazame wale waliompa majina. Barua za mapadri zinamwita "cafre". Neno hilo Wareno hawakulitunga wenyewe. Walilipokea kutoka kwa Waislamu wa pwani ya Bahari ya Hindi, ambao waliwaita watu wa bara makafiri. Kwa hiyo jina la kwanza kabisa tunaloliona juu ya mtu huyu limepita katika vinywa vya watu wa pwani yetu, na kijana wangu alipotaja Wajapani na Wareno alitusahau sisi wenyewe. Halafu yakaja majicho ya Kyoto, yaliyomwona kuwa ni kioja. Halafu Nobunaga, aliyemvua nguo ili ahakikishe. Halafu Akechi, aliyesema ni mnyama. Kila mmoja alimkuta mtu amesimama mbele yake, mwenye ulimi, anayejua Kijapani cha kutosha mazungumzo, na kila mmoja akamjaza kile alichokihitaji. Inasemekana Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye, lakini katika mazungumzo yale yote hakuna neno lake hata moja lililotufikia. Hakuna aliyeona haja ya kuandika: mtu huyu anasema anatoka mahali fulani, na mama yake alimwita fulani.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa majina aliyopewa. Jina Yasuke lenyewe huenda lilikuwa la heshima. Lakini walikuwa na nafasi ya kumwuliza, na kama walimwuliza hawakuona jibu lake lina thamani ya wino. Mimi nafasi hiyo sina. Nikimpa jina kwa mapenzi, nitakuwa nimefanya kwa upendo jambo lilelile ambalo wao walilifanya kwa ubwana, nami nitasimama wa mwisho katika mstari wa watu waliomfunika. Upendo hauondoi ukweli kwamba hakuulizwa.

Pili, kijana aliuliza tunamwibia nini yeye. Lakini wapo wengine tunaowaibia. Kama Yasuke alikuwa mtoto wa mtu wa Sofala, au wa Sena, au wa mahali ambapo hata jina lake limekufa, basi ukuta wetu unamwambia mama yule kwamba mwana si wake. Isitoshe, watu waliochukuliwa kutoka pwani hii katika karne zile hawahesabiki, na karibu wote hawana hata mstari mmoja katika kitabu chochote. Huyu mmoja amepata mistari michache, lakini jina la kuzaliwa hakulipata, na katika hilo yuko sawa na wenzake wote. Pengo lile ni alama ya jeraha. Ukilipaka rangi, jeraha halionekani tena, na aliyejeruhi anapona na lawama.

Huenda mtu akaniuliza: mbona Fumo Liyongo mnamsemea? Wasomi wamemtupa huku na huko katika karne mbalimbali, na utenzi wake aliouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unasimulia mambo ambayo hakuna aliyeyashuhudia kwa macho. Ni kweli. Nimewafundisha wanachuo wangu utenzi huo, na nimewaacha wabishane kama mtoto aliyemchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni alikuwa mwovu au mjinga. Lakini Liyongo hakupotea mikononi mwa watu wake. Wao ndio waliolitunza jina lake, na habari za mama yake aliyemfichia tupa ndani ya mkate, na za mtoto aliyemsaliti. Wamemwimba kwa vizazi, na aliyezidisha chumvi alikuwa na wazee wa kumkemea. Huo ni urithi, hata kama una chumvi. Yasuke hakuachiwa mtu wa kumwimba. Kwao, popote palipokuwa, kuna siku moja hakurudi nyumbani, basi. Sisi tukianza leo kuimba kana kwamba tulikuwa naye, tutakuwa tunajifanya wafiwa katika matanga tusiyoalikwa.

Hata hivyo naijua hatari iliyoko upande wa pili, na nisingependa msomaji anielewe vibaya. Neno "hatujui" laweza kuwa silaha ya dharau. Wako wanaolitumia hivyo: kwa kuwa haikuandikwa kwamba alikuwa mtu mkubwa, basi hakuwa mtu wa maana. Kwa kuwa hatuna barua yake, hakuwa na mawazo. Hiyo ni kukisia kama nyingine, ila imevaa koti la utafiti. "Hatujui" na "hapakuwa na kitu" ni kauli mbili tofauti, na anayeruka kutoka moja hadi nyingine anafanya kosa la Akechi, aliyeona mtu asiyemjua akahitimisha kwamba hajui kitu. Kwa hakika tunajua mambo mawili matatu yasiyo madogo: kwamba katika nchi ngeni alijifunza lugha yake, na kwamba siku ya maangamizi, alipoweza kujiokoa, alikwenda palipokuwa na vita. Hayo hayahitaji kuongezwa kitu.

Kwa kupima dhana nyingine zote nimezoea njia moja rahisi niliyowafundisha walimu wanafunzi, nayo ni kuigeuza dhana. Jiulize: ushahidi huu hafifu, kama ungenipeleka nisikotaka kwenda, ningeukubali? Tuchukue mfano. Wapo wachezaji wanaosema kwamba Akechi alipomwita Yasuke mnyama alikuwa anamwokoa kwa hila, maana wapiganaji walioshindwa waliuawa, na tusi lilikuwa njia pekee ya kumtoa katika hesabu yao. Ni dhana nzuri. Mimi mwenyewe ningefurahi ikiwa kweli. Sasa igeuze. Mwingine anasema Yasuke alitoa upanga kwa sababu alikuwa mwoga, kwani shujaa wa kweli angekufa naye bwana wake. Hiyo inaniudhi, nami nitataka ushahidi. Lakini ushahidi wa ile iliyonifurahisha uko wapi? Dhana zote mbili zinaingia katika kifua cha mtu na kudai kuona humo. Kilichoandikwa ni kwamba alipigana kwa muda mrefu, akaambiwa asiogope, akautoa upanga. Aliyeubeba moyo wake saa ile ni yeye peke yake.

Je, basi tuwakataze watungaji? Hapana. Anayenunua gemu anajua kwamba amenunua gemu, na mlango wa kuingilia umeandikwa kwamba ndani mna mambo ya kubuni. Hata vijana wanaokesha wakikisia, ilmradi kila mmoja anasema "mimi nadhani", wanamtendea marehemu wema, kwa sababu wanamfikiria kuwa alikuwa na nia, hofu na matumaini, jambo ambalo wengi waliomwona kwa macho hawakulifanya. Dhana ina mahali pake, na ikikaa mahali pake ni mwanzo wa elimu. Ubaya unaingia inapohama bila kuaga: kutoka kwenye mchezo hadi kwenye ukuta wa barabarani, ambapo mtoto wa miaka 8 atausoma na kuamini, na kutoka ukutani hadi kwenye kitabu cha shule. Nimeona kwa miaka mingi jinsi sentensi iliyoanza na "huenda" inavyodondosha neno hilo njiani, na kufika darasani ikiwa imenyooka kama msumari.

Vijana wangu walibishana wao kwa wao kwa wiki mbili. Hatimaye waliandika: "Yasuke. Inasemekana alitoka Msumbiji. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa." Mmoja alilalamika kwamba neno "inasemekana" linampunguza shujaa, tena linamaliza rangi. Yule mdogo hakukubaliana nami, na mpaka leo wakizungumza kibandani humwita Yasuke kwa jina la babu mzaa babu yake. Sijamkataza. Pale wote wanajua kwamba ni yeye anayesema, na kwamba jina hilo ni zawadi yake.

Nami nina sababu nyingine ya kulishika jambo hili, ambayo ni ya umri. Mtu akishavuka miaka 70 anaanza kuwasikia watu wakimzungumza kana kwamba ameshaondoka. Wanasema mwalimu alipenda hiki, mwalimu alichukia kile, na mara nyingine hushangaa mwenyewe kusikia nilichokipenda. Nikiwapo naweza kuwasahihisha. Baadaye sitaweza. Watoto na wajukuu zangu watafika mahali katika maisha yangu ambapo sikuwaeleza kitu, kwa kuwa sikupata nafasi au kwa kuwa sikutaka, na hapo watakuwa na uhuru wote wa kunijaza wanachokihitaji, kizuri au kibaya. Sina la kuwaomba ila moja: wakifika pale wasipojua, waseme hawajui, na wasidhani kwamba kwa kuwa hawajui hapakuwa na kitu. Ninaloliomba kwa ajili yangu siwezi kumnyima mtu aliyechukuliwa mbali na kwao, akafa bila wa kumwombea hilo.